O hasi, na hela ya sindano moja na nusu

Kwenye kadi yangu ya kliniki pale kwenye kundi la damu paliandikwa "O –" na mimi mwezi mzima nilidhani kile ni kistari tu cha mwandiko wa nesi, yaani kaandika O halafu peni ikamteleza. Majibu mengine yote nilishasomewa, virusi hakuna, kaswende hakuna, wingi wa damu uko vizuri, nikapewa vidonge vya kuongeza damu, nikameza na zile za malaria palepale mbele yake, nikachomwa ya pepopunda, nikaondoka zangu kununua mihogo ya kukaanga getini. Ile O na kistari chake hakuna aliyeigusa.

Hudhurio la pili nikakutana na nesi mwingine, mama mtu mzima ana miwani yenye kamba, akaisogeza kadi mbali na macho kama mtu anasoma namba za luku, akaniuliza, "Mama, hii mimba ya ngapi?" Nikamwambia ya kwanza. Akaniangalia. "Ya kwanza kabisa? Hata iliyotoka huna?"

Hapo ndio nikasema. 2021 ilitoka moja ikiwa wiki ya 14, nikasafishwa hospitali fulani siitaji, nikarudi nyumbani na dawa za maumivu, basi. Kwenye kadi sikuiandikisha maana kwetu mimba iliyotoka haihesabiwi, watu wanakwambia Mungu atakupa nyingine na mada inafungwa. Nesi akauliza, "Baada ya kusafishwa walikuchoma sindano ya anti-D?" Nikamuuliza ndio nini hiyo. Akavuta pumzi, akachukua peni nyekundu akaizungushia duara ile O yangu, na lile duara ndio nimetembea nalo ujauzito mzima.

Naandika hapa kwa sababu kuna wadada watatu wameshaniuliza inbox, na kila mara naanza kueleza upya kwa voisi ndefu mpaka bando linakata. Mimi sio daktari, nipo Tabata nauza vitenge. Lakini kwenye hili nimesoma mpaka mume wangu akaanza kuniita profesa.

Iko hivi. Damu ya mtu ina kundi, A, B, AB au O, halafu juu yake kuna alama nyingine inaitwa Rh, ukiwa nayo wewe ni chanya, ukikosa ni hasi. Waafrika wengi tunayo, hasi ni wachache sana kwetu, Wazungu ndio wanao wengi, kama 15 katika kila 100. Kuwa hasi sio ugonjwa, unaweza ukazeeka na hujui. Kasheshe inaanza mama akiwa hasi na mtoto aliyeko tumboni akachukua chanya ya baba yake. Muda mwingi wa mimba damu zao hazichanganyiki, kondo la nyuma linazitenga, ila siku ya kujifungua, au mimba ikitoka, au ukiumia tumbo, matone ya damu ya mtoto yanavuka yanaingia kwa mama, sasa mwili wa mama unaona kitu usichokijua, unaanza kutengeneza askari wa kukipiga.

Mi nililielewa kwa kuku. Kuku mwenye vifaranga akiona mwewe mara ya kwanza anaweza akazubaa, hajui ni nini kile, mwewe anapita zake. Akishamjua, siku nyingine hata kivuli tu kikipita uwanjani anapiga kelele mtaa mzima unatoka nje. Mfano wangu una kasoro moja kubwa, maana hapa huyo mwewe ndio mwanao mwenyewe. Ila ndio maana mtoto wa kwanza kwa kawaida anatoka salama, anazaliwa na kuondoka mama akiwa bado amezubaa. Wa pili anakuta askari wapo macho, wanavuka kondo wanavunja chembe zake nyekundu akiwa humo humo ndani, damu inampungukia, anavimba maji, wengine wanafia tumboni, wengine wanazaliwa vizuri halafu siku hiyo hiyo au kesho yake wanageuka njano na ile njano ikizidi inapanda kwenye ubongo. Na kila anayefuata mara nyingi anaumia kuliko aliyemtangulia.

Anti-D ni askari wa aina hiyo hiyo ila wa kukodi. Wanaingia kwa sindano, wanazifagia chembe za mtoto kabla mwili wako haujazikariri, halafu baada ya wiki kadhaa wanaisha wenyewe. Kwa hiyo sio chanjo ya maisha, kila mimba ina sindano yake. Halafu kuna jambo lililonikosesha usingizi: ukishatengeneza askari wako mwenyewe wa kudumu, sindano haina kazi tena. Unachoma hela.

Na mimi 2021 nilisafishwa bila sindano.

Jioni nikampigia mama Muheza. Nilitaka tu kumwambia ana mtoto ana duara jekundu. Nikamweleza kama nilivyoeleza hapo juu, bila kuku, nilipofika kwenye watoto kugeuka njano akanyamaza mpaka nikadhani simu imekata. Halafu akasema, "Kama wale wangu?"

Nilikuwa nawajua wale wake kwa kusikia, nyumbani hawazungumzwi sana. Kaka yangu kazaliwa 1984, mzima. Baada yake mama alizaa 1986 na 1989, wote walilia vizuri, wote kesho yake macho yalikuwa rangi ya binzari, wa kwanza alifika siku ya tatu, wa pili hakufika. Kisha mimi 1992. Hao wawili walipokelewa na kuogeshwa na shangazi, dada wa baba mkubwa kuliko wote, ndio alikuwa anajua mambo ya uzazi pale nyumbani, na mganga waliyemwendea baada ya yule wa pili akasema mkono ni wa mwanamke wa upande wa mume. Hakumtaja jina. Hakuhitaji. Mimi nilizaliwa kwa mjomba, kilomita nyingi kutoka kwa shangazi, nikaishi, basi ushahidi ukakamilika.

Tuyaache hapo kwanza, nitarudi.

Kipimo cha kujua kama mwili wako umeshaanza kutengeneza askari kinaitwa Coombs, ile isiyo ya moja kwa moja, kinachukuliwa damu ya mkononi tu. Kituo chetu hawakuwa nacho, nikaelekezwa maabara mjini, nikalipa, nikaambiwa rudi baada ya siku nne. Siku nne hizo sitaki hata kuziandika. Mume wangu naye akapimwa, B chanya. Nesi wa miwani alivyokuwa anamwomba apime alinitoa nje kwanza yeye abaki ndani, halafu akamtoa yeye nikaingia mimi, akaniuliza kwa upole sana, kama mtu anauliza kama una chumvi, "Na una uhakika huyu ndio baba wa mtoto?" Nikacheka. Akasema usicheke, unaulizwa na karatasi sio mimi, maana baba akiwa hasi na yeye basi hakuna sindano wala hofu, mtoto hana pa kuitoa chanya, ila lazima baba awe baba kweli.

Majibu yakatoka, hakuna askari. Nilikaa kwenye benchi la maabara nikalia mpaka mlinzi akaniletea maji. Ile ya 2021 ilinipita, kwa nini sijui, labda mtoto yule alikuwa hasi, labda bahati. Kuna hili pia nililisoma baadaye, mama akiwa O na mtoto akiwa A au B, yale makundi yenyewe yanagombana na mara nyingi damu ya mtoto inauawa haraka kabla mwili haujaikariri, kwa hiyo kuwa O kunakupunguzia hatari kidogo. Kunapunguza, hakuondoi, usije ukaacha sindano kwa sababu ya sentensi yangu hii.

Sasa ndio tukafika kwenye uamuzi wenyewe, na hapa ndio nilipotaka kufika. Nilidhani swali ni kuchoma au kutochoma. Kumbe swali ni ngapi, na lini.

Dokta wa kwanza akasema subiri ujifungue, mtoto apimwe damu ya kitovu, akiwa chanya unachomwa ndani ya masaa 72, akiwa hasi huchomwi, umeokoa hela. Dokta wa pili, kijana, akasema hapana, unachomwa wiki ya 28 tukiwa hatujui mtoto ni nini, halafu unachomwa tena baada ya kujifungua akiwa chanya. Nikarudi nyumbani nimekasirika, mbona hawa wamesoma chuo kimoja hawaelewani. Bei ya sindano moja niliyotajiwa kwenye famasi ilikuwa karibu kodi yetu ya miezi miwili. Kwenye bahasha ya uzazi nilikuwa na hela ya sindano moja na nusu.

Mume wangu akauliza swali la mfanyabiashara: hiyo ya wiki ya 28 inanunua nini? Nikaenda kutafuta. Na hesabu yake, jamani, ni rahisi kuliko nilivyodhani. Mama hasi mwenye mtoto chanya wa kundi linaloelewana na lake asipochomwa kabisa, kama 16 katika kila 100 wanaishia kutengeneza askari. Ukichoma ile ya baada ya kujifungua peke yake wanashuka mpaka 1 au 2. Ukiongeza na ile ya wiki ya 28 wanashuka chini ya nusu ya 1. Maana kuna wachache ambao damu inavuka kimyakimya ile miezi mitatu ya mwisho bila dalili yoyote, hao ndio sindano ya 28 inawawahi. Kwa hiyo kazi kubwa inafanywa na ile ya baada ya kuzaa. Ndio maana hata Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wao wa 2016 wa wajawazito hawakusema kila nchi ichome wakati wa mimba, walisema hiyo ifanyike ndani ya utafiti tu, wakati Uingereza na Marekani wanachoma wiki ya 28 kama kawaida miaka na miaka. Madokta wangu wawili hawakuwa wajinga hata mmoja, kila mmoja alikuwa amesimama kwenye mwongozo wake, ila hakuna aliyeniambia hivyo, kila mmoja alinipa jibu lake kama ndio jibu la dunia.

Kuna wenzetu wa Denmark na Uholanzi wanapima damu ya mama tu wanajua mtoto ni chanya au hasi akiwa bado tumboni, kwa hiyo anayechomwa ni mwenye kuhitaji. Kwao ina maana sana sababu kama mama hasi 4 katika kila 10 wanabeba mtoto hasi. Kwetu hesabu iko tofauti, hasi ni adimu hivyo baba aliye chanya mara nyingi kabeba chanya mbili, mtoto hana pa kukwepea. Nikasema basi, nisijidanganye, huyu wangu nimhesabu ni chanya mpaka nithibitishiwe vingine.

Wakati nahangaika na hesabu mama mkwe naye akaja na lake. Alisikia sindano imetengenezwa na damu ya watu. Ni kweli, inatoka kwenye ile sehemu ya majimaji ya damu ya watu waliojitolea, watu ambao wao wenyewe wana hao askari. Akaniuliza, "Mwanangu, unajua ni damu ya nani hiyo?" Swali la haki kabisa. Nikaenda kutafuta nimjibu, nikakutana kwanza na habari mbaya: Ireland, miaka ya 1977 mpaka 1979, walitoa anti-D iliyochafuliwa na virusi vya homa ya ini aina ya C, wanawake zaidi ya 1,000 wakaambukizwa, na ikaja kujulikana hadharani 1994, miaka mingi wanawake wanachoka na kuumwa wanaambiwa ni mawazo. Ujerumani Mashariki nako kulitokea kitu kama hicho 1978. Nilifunga simu nikasema sichomi. Siku mbili nzima nilikuwa sichomi.

Nikarudi kwa nesi wa miwani nikamwambia nimesoma ya Ireland. Hakunigombeza kwamba nimesoma mtandaoni. Aliniambia ni kweli ilitokea, na ndio maana siku hizi wachangiaji wanapimwa na dawa inapitishwa kwenye hatua za kuua virusi, halafu akaniuliza wewe siku ukitokwa damu nyingi leba ukaambiwa uongezwe chupa mbili utakataa? Nikasema sitakataa. Akasema basi pima hofu zako kwa mzani mmoja.

Mama mkwe nilimjibu kwa habari ya mzee mmoja wa Australia, James Harrison. Huyu mzee akiwa na miaka 14 alifanyiwa upasuaji wa kifua akaongezewa damu nyingi za watu, akaahidi akifika umri naye atatoa. Alianza 1954, baadaye wakagundua damu yake imejaa hao askari wa anti-D, akatoa mara 1,173 mpaka 2018 alipofika miaka 81 wakamwambia mzee imetosha, umri umevuka. Wenyewe Australia wanasema dawa iliyotoka kwake imewafikia watoto zaidi ya milioni 2.4. Kafariki Februari 2025. Mama mkwe alisikiliza yote akasema, "Alikuwa anaogopa sindano?" Nikamwambia ndio, inasemekana hakuwahi kuitazama sindano ikiingia hata mara moja. Akasema haya, mchome.

Na hii ya masaa 72 nayo ina kisa. Enzi hizo za miaka ya 60 waliotafuta hii dawa walikuwa makundi mawili, Waingereza pale Liverpool, ambao bosi wao, Cyril Clarke, alianzia kwenye kufuga vipepeo na kusoma urithi wao, na Wamarekani wa New York. Wamarekani walijaribia kwa wafungwa wa kiume waliojitolea kwenye gereza la Sing Sing, na inasimuliwa kwamba gereza halikuwaruhusu kuingia kila siku, walikuwa wanapata nafasi baada ya siku tatu, basi siku tatu ndio ikajaribiwa, siku tatu ndio ikafanya kazi, siku tatu ikaandikwa. Kwa hiyo sio kwamba saa ya 73 mlango unafungwa. Ukichelewa bado unachomwa, miongozo mingine inasema hata mpaka siku 10 inaweza kusaidia kidogo. Hii nimeiweka kwa ajili ya dada mmoja aliyeniandikia kwamba siku ya nne alirudishwa kaambiwa muda umeisha. Ila usichelewe kwa makusudi.

Uamuzi wetu ukawa hivi: tunanunua moja, ya baada ya kujifungua, ile nusu inabaki kwenye bahasha kwa dharura. Nilikuwa nimeridhika kabisa. Nilishaiandika kwenye daftari na kupigia mstari.

Wiki ya 27 bajaji ikanitupa. Sio ajali ya kusema ajali, dereva alikwepa shimo akaingia lingine, nikarushwa mbele tumbo likagonga lile bomba la kiti cha dereva. Hakukuwa na damu, maumivu kidogo, mtoto anacheza kama kawaida. Ningekuwa yule wa zamani ningeenda kulala. Nikaenda hospitali, wakanipima mapigo ya mtoto, wakaniweka masaa kadhaa wananiangalia, na dokta akasema tumbo kugongwa ni moja ya zile sababu za kuchoma bila kusubiri, pamoja na kutokwa damu, mimba kutunga nje ya kizazi, kutolewa maji ya uzazi kwa sindano, na mtoto kugeuzwa kwa mikono aliyekaa vibaya. Na kwa kuwa niko wiki ya 27 hii itanihesabikia kama ile ya 28. Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni na bahasha. Akasema, "Bajaji imeamua."

Nikachomwa. Inauma kama sindano yoyote ya msuli, ikanivimba kidogo siku mbili. Dokta alinitahadharisha kitu ambacho nakiandika hapa kwa herufi za moyoni: baada ya kuchomwa, kipimo cha Coombs kikirudiwa kinaweza kusoma kwamba una askari, kumbe ni hao wa kukodi bado wanazunguka. Tunza kale kakaratasi kanakoonyesha tarehe uliyochomwa, mwingine asije akakuambia umeshaharibikiwa wakakunyima ile ya baada ya kujifungua.

Sasa ya pili inapatikana wapi, bahasha imebaki nusu. Tuna mchezo wa kina mama kumi na wawili hapa mtaani, zamu yangu ilikuwa Desemba na mimi najifungua Septemba. Nikawaeleza kwenye kikao, nikachora na duara. Mama muuza genge mwenye zamu ya Agosti akasema chukua yangu nipe Desemba yako nitanunulia watoto nguo za sikukuu. Ndani ya kikao hicho hicho wakagundua hakuna hata mmoja, kati ya wote, anayekumbuka kundi lake lenye alama, wanakumbuka herufi tu. "Mimi A." A ipi? Kimya.

Dawa hii haikai kabatini, inataka friji, nyuzi 2 mpaka 8, na isigande. Kwangu friji lipo ila umeme mnaujua. Tukalipia famasi, muuzaji akaiweka kwenye friji lake na jina langu kwenye plasta, akatupa namba yake ya mkononi. Hii nakushauri kabisa kama kwenye hospitali unayojifungulia hawana uhakika nayo: uliza mapema ipo au haipo, usije ukaanza kuulizia ukiwa umelala na kanga. Na ndugu wa kundi lako hasi wa kukuchangia damu ukihitaji, mtafute kabla. Mimi wangu nilimpata mmoja, fundi cherehani, na nilikuwa namsalimia kila wiki kama shemeji.

Nikajifungua Jumamosi saa 11 alfajiri, wa kiume. Wakachukua damu ya kitovu, majibu jioni: B chanya, mtoto wa baba yake. Jumapili famasi imefungwa, muuzaji yuko kanisani, simu haipokelewi. Mume wangu alianza kuzunguka wodini kama kuku anayetaka kutaga. Mimi ndio nilikuwa mtulivu, sijawahi kuwa mtulivu hivyo maishani, nikamwambia tuna mpaka Jumanne alfajiri, kaa unywe chai. Muuzaji alipokea saa 10 jioni. Dawa ikaja kwenye chupa ya chai yenye barafu, imeviringishwa kitambaa isiguse barafu, nesi akaikagua kwanza tarehe na ubaridi ndio akakubali, nikachomwa saa 2 usiku. Saa ya 39.

Siku ya tatu mtoto akawa na unjano kidogo na mimi roho ikanitoka, wakapima, ule wa kawaida wa watoto wachanga, ukaisha wenyewe.

Mama alikuja kuniuguza uzazi. Kila asubuhi alikuwa anamtoa mtoto dirishani anamvuta kope kuangalia weupe wa macho, bila kusema kitu. Wiki ya tatu nikamwambia twende tukapime na wewe. Akasema mimi nimeshazeeka nipime ya nini. Kesho yake alikuwa amevaa baibui amekaa mlangoni ananisubiri.

O hasi.

Kaka yangu ni O chanya, huyo namjua maana aliwahi kuchangia damu. Yaani alipita mama akiwa amezubaa, na damu yake ndio iliyomwamsha. Wale wawili hatutajua kamwe, hawakupimwa chochote, walizikwa. Mimi ni hasi, ina maana baba alikuwa chanya aliyebeba na hasi ndani yake, akanipa mimi ile hasi. Askari wa mama kama walikuwepo walinipitia pembeni, sikuwa na alama wanayoitafuta. Ningezaliwa kwa mjomba au mikononi mwa shangazi ningeishi vilevile. Nilimweleza mama hivi, tumekaa kwenye ngazi za maabara, mtoto ananyonya. Shangazi alifariki 2011. Mama hakwenda msibani, na sisi hatukwenda.

Aliikunja ile karatasi mara nne akaifunga kwenye pindo la kanga. Tulipofika karibu na kituo cha daladala akaifungua tena, akaniuliza kama wanaweza kumwandikia nyingine kama hiyo hiyo.

"Ya nini mama?"

"Nimpelekee mwanawe Asha Korogwe."

Asha ndio jina la shangazi. Palikuwa na kibanda cha steshenari pale kituoni. Tukatoa kopi mbili, mia mia.